Mwongozo kamili: Kuyeyusha, kugawa na kuhifadhi interleukini-2 ya binadamu bila kuiacha kwenye kuta za kichupa

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wanafunzi na mafundi wa maabara wa Bukavu, Goma na Lubumbashi ni lile lile: interleukini-2, protini inayoziamuru seli za kinga zizaane, imenunuliwa kwa fedha nyingi, imewekwa kwenye seli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye protokoli, na seli hazikuzaana. Lawama huanza kwa muuzaji, zikaenda kwa seli, zikaishia kwa umeme. Lakini mara nyingi kosa limetokea mapema, katika zile dakika chache kati ya kufungua kichupa na kufunga mrija wa mwisho wa akiba. Protini haikufia njiani. Imebaki kwenye kifuniko, kwenye ukuta wa plastiki au ndani ya povu.

Mwongozo huu unahusu interleukini-2 ya binadamu ya rekombinanti, kwa kifupi IL-2, inayotengenezwa ndani ya bakteria E. coli na kuuzwa ikiwa unga mkavu kwa ajili ya utafiti. Ni protini ndogo ya amino asidi 133, yenye uzito wa takriban kilodaltoni 15.5, na sehemu kubwa ya mwili wake haipendi maji. Ndiyo maana hunata haraka kwenye kioo na plastiki, na ndiyo maana hushikamana yenyewe kwa yenyewe inapowekwa kwenye bafa (kimiminika kinachodhibiti asidi) isiyoifaa. Sitokini nyingine, yaani protini ambazo seli hutumia kuamrishana kama hii, zina masharti yake, na pale tofauti inapoweza kukuharibia kazi nitaitaja.

Kabla ya yote, onyo moja. Kichupa kilichoandikwa kuwa ni cha utafiti pekee hakiruhusiwi kuingia katika mwili wa mtu kwa njia yoyote, hata kama jina la protini linafanana na la dawa ya hospitali. Hakikutengenezwa wala kukaguliwa kwa kazi hiyo. Ndugu wa mgonjwa akija kukuomba, jibu ni hapana.

Vitu vya kuandaa

Andaa vyote kabla ya kukigusa kichupa, kwa sababu unga ukishalowa saa imeanza kuhesabu.

- Kichupa cha IL-2. Katika mifano yote hapa nitatumia kichupa cha mikrogramu 50.
- Karatasi ya maelezo ya bidhaa na cheti cha uchambuzi cha toleo lile lile, yaani namba ya toleo iliyo kwenye cheti iwe ndiyo iliyo kwenye kichupa.
- Maji safi ya sindano kutoka duka la dawa, yaliyo katika ampuli ambazo hazijafunguliwa.
- Asidi asetiki isiyochanganywa na maji, ya kiwango cha maabara. Siki ya dukani haifai hata kidogo.
- Albumini ya seramu ya ng'ombe au ya binadamu, yenye endotoksini (sumu ya kuta za bakteria) kidogo na inayofaa kwa seli hai.
- Bafa ya chumvi na fosfeti iliyo safi, ile tunayoiita PBS.
- Chujio la sirinji la mikromita 0.22, lenye utando usionasa protini.
- Mirija midogo ya polipropilini ya mililita 0.5, ikiwezekana ile isiyonata protini. Usitumie mirija ya polistirini wala vichupa vya kioo.
- Pipeti za mikrolita 20, 200 na 1,000 pamoja na ncha zake zenye kichujio.
- Sentrifuji ndogo, sanduku la barafu, alkoholi ya asilimia 70, na kalamu ambayo wino wake hautoki kwa alkoholi.

Kuhusu maji, naomba usiipite sentensi hii haraka. Maji yaliyotoneshwa na mtambo wa maabara kisha yakakaa wiki kadhaa ndani ya bidoni huota bakteria, na bakteria hao wakifa huacha endotoksini. Chujio la 0.22 huzuia bakteria wenyewe lakini endotoksini hupita, na mvuke wa otoklavu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, hauiondoi. Joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30 huiharibu kwenye vyombo vya kioo, ila huwezi kulitumia kwa maji. Seli nyeupe za damu huitikia endotoksini kidogo sana kwa kutoa sitokini zake zenyewe, kwa hiyo unaweza kudhani umepima kazi ya IL-2 kumbe umepima uchafu wa bidoni. Ampuli chache za maji ya sindano zinaliondoa tatizo hili kwa bei ndogo, na sioni sababu ya kubana matumizi hapo. Maji ya bomba hayafai popote, na Goma ndiyo kabisa, kwa kuwa yanatoka Ziwa Kivu ambalo maji yake ni ya alkali na yamejaa chumvi za volkano.

Hatua ya 1: Hakiki otoklavu na pipeti kwa mwinuko wa mahali ulipo

Bukavu na Goma ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kuchemsha ncha na mirija kwenye sufuria, kwa hiyo, si kuviua vijidudu vyote.

Otoklavu nazo zina mtego wake. Geji nyingi hupima tofauti kati ya shinikizo la ndani na la nje, na hewa yetu ya nje ni nyepesi. Mahali palipo usawa wa bahari, geji ikisoma baa 1.03 ndani huwa na nyuzi 121. Hapa, geji ikisoma vilevile, ndani kuna nyuzi kama 118 tu, na ili kufika 121 inabidi isome karibu baa 1.2. Ikiwa chombo chako kina kipimajoto, fuata kipimajoto na uisahau geji. Ikiwa hakina, tumia tepu au vichupa vya kuhakiki joto, na urefushe muda. Usipandishe shinikizo kupita kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji kwenye chombo.

Pipeti za kawaida hufanya kazi kwa mto wa hewa, na hewa nyepesi huzifanya zitoe pungufu kidogo, hasa kwa ujazo mdogo. Weka mrija kwenye mizani nyeti, tia mikrolita 100 za maji mara kadhaa, na usome uzito: kila mara uwe karibu sana na gramu 0.100. Pipeti inayotoa gramu 0.095 itakupunguzia sitokini kila unapoitumia bila kukuambia.

Mafanikio ya hatua hii: una mirija na ncha unazoziamini, na umejua pipeti yako inakosea kwa kiasi gani.

Hatua ya 2: Soma karatasi, kisha piga hesabu kwenye daftari

Karatasi itakuambia mambo matatu unayoyahitaji: kimiminika cha kuyeyushia, ukolezi wa chini unaoruhusiwa, na nguvu ya protini kwa kila miligramu. Nguvu hiyo huandikwa kwa vizio vya kimataifa, kwa alama ya IU. IL-2 nyingi za E. coli zina takriban IU milioni 10 kwa miligramu, lakini namba halisi hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, na ndiyo sababu nimesisitiza cheti.

Tuchukue hiyo ya milioni 10. Mikrogramu 50 zina IU 500,000 kwa jumla. Ukiziyeyusha katika mikrolita 500, unapata mikrogramu 100 kwa mililita, sawa na IU milioni 1 kwa mililita. Ukigawa mikrolita 20 kwa kila mrija, kila mmoja unabeba IU 20,000, kiasi kinachotosha mililita 200 za seli kwa kipimo cha IU 100 kwa mililita. Toleo lijalo likiwa na IU milioni 5 kwa miligramu, mikrolita zile zile zitakupa nusu ya nguvu, na mtu anayenakili mikrolita kutoka daftari la mwaka jana atashangaa kwa nini seli zimezorota.

Usijaribiwe kuyeyusha katika ujazo mkubwa ili upate mirija mingi. Kadiri mchanganyiko unavyokuwa mwepesi ndivyo sehemu kubwa zaidi ya protini inavyokwenda kwenye plastiki. Ukuta wa mrija una nafasi ya kunasa kiasi fulani. Ukiwa na protini nyingi upotevu huo hauonekani, ukiwa na kidogo unamaliza karibu yote. Mikrogramu 100 kwa mililita ndiyo sakafu. Usishuke chini yake katika akiba ya kugandisha.

Hatua ya 3: Tengeneza kimiminika cha kuyeyushia

IL-2 huyeyuka vizuri kwenye asidi nyepesi na vibaya kwenye bafa isiyo na asidi wala alkali. Wanaotia PBS moja kwa moja kwenye unga mara nyingi huona maji meupe hafifu, au hawaoni kitu, lakini protini imekwisha kujikunja katika mafungu yasiyofanya kazi.

Kwa mililita 10 za asidi asetiki ya mola 0.1, chukua mililita 9.94 za maji ya sindano kisha ongeza mikrolita 57 za asidi asetiki. Asidi iingie kwenye maji, wala si maji kwenye asidi, na ufanye hivyo penye hewa ya kutosha ukiwa na glavu na miwani, kwa maana asidi hiyo isiyochanganywa huunguza ngozi na mvuke wake huchoma macho.

Sasa nyunyiza miligramu 10 za albumini juu ya kimiminika, uiache ielee na izame yenyewe. Usikoroge, usitikise. Inaweza kuchukua nusu saa, na ndiyo nafasi nzuri ya kuandika lebo. Albumini hiyo ya asilimia 0.1 ndiyo itakayokwenda kujaza kuta za plastiki badala ya IL-2 yako: imewekwa pale ipotee kwa niaba ya ile ya bei ghali.

Ikishayeyuka yote, pitisha kwenye chujio la 0.22, mwaga mililita ya kwanza, na kusanya inayobaki kwenye mrija safi. Unachuja kimiminika hiki sasa kwa sababu hutachuja IL-2 yenyewe baadaye. Mikrolita 500 zikipita kwenye utando wa chujio huacha humo sehemu ya protini usiyoweza kuipima.

Onyo kuhusu sitokini nyingine: usiigeuze hatua hii kuwa kanuni ya zote. Interferoni-gama huharibiwa na asidi. TGF-beta, kinyume chake, inahitaji asidi ili iyeyuke. Nyingine nyingi huyeyuka kwenye maji ya sindano tu. Na kama unakusudia kuiunganisha protini yako na rangi, au kuipaka kwenye sahani ya kupimia kingamwili, usitie albumini kabisa, kwa sababu utaishia kuunganisha au kupaka albumini.

Hatua ya 4: Fungua kichupa

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, basi twende polepole.

Toa kichupa kwenye friza na ukiache juu ya meza, kikiwa kimefungwa, kwa dakika 20. Katika miezi ya mvua hewa ya Bukavu imejaa unyevu, na kichupa baridi kinachofunguliwa huvuta maji ya hewa moja kwa moja hadi kwenye unga. Utayaona matone nje ya kioo; ndani nako yapo, ila huyaoni.

Kiweke kwenye sentrifuji kwa sekunde 30, kwa nguvu ya takriban g 3,000. Kisipoingia kwenye tundu, kigonge kwa kidole mara kadhaa kikiwa wima. Unga huu hurukaruka katika safari, na mzigo uliopita Kigali, ukavuka mpaka wa Ruzizi na kupanda barabara ya Bukavu umetikiswa vya kutosha. Sehemu yake inaweza kuwa imelala chini ya kifuniko. Ukifungua bila kuzungusha, unaitupa pamoja na kifuniko.

Pangusa kifuniko kwa alkoholi, iache ikauke, kisha fungua taratibu. Vichupa vingine vimefungwa hewa ikiwa imenyonywa, na ukifungua kwa ghafla hewa inayoingia hupeperusha unga.

Ndani hutaona kitu. Pengine utaona utando mwembamba kama ukungu kwenye kona ya chini, pengine hakuna hata huo. Mikrogramu 50 ni kidogo mno kwa jicho, na malalamiko ya kuuziwa kichupa kitupu karibu yote huzaliwa hapa. Usikigeuze kichupa kuhakiki, usikikwangue kwa ncha ya pipeti.

Mafanikio: kichupa kiko wazi, kikavu, cha joto la chumba, na hakuna kilichoguswa ndani.

Hatua ya 5: Yeyusha bila povu

Vuta mikrolita 500 za kimiminika cha Hatua ya 3 na uzirudishe, mara mbili, ili ukuta wa ndani wa ncha upate albumini kwanza. Kisha vuta tena mikrolita 500, elekeza ncha kwenye ukuta wa kichupa juu kidogo ya kitako, na uziachilie ziteremke zenyewe huku ukikizungusha kichupa kwa vidole ili ziuoshe ukuta wote.

Funga. Kilaze, kizungushe taratibu juu ya meza kwa kiganja, kisha kisimamishe. Kigeuze kichwa chini mara mbili au tatu ili kimiminika kiguse kifuniko. Kiache dakika 15 kwenye joto la chumba, na urudie kukizungusha katikati ya muda huo.

Usitumie vorteksi, ile mashine ya kutikisa mirija. Usipige pipeti juu na chini kwa nguvu. Kila kipovu ni uso mpya kati ya maji na hewa, na protini inayofika kwenye uso huo hufunguka mkunjo wake na haurudi. Ukiona povu limepanda hadi shingoni, usilisukume tena chini, acha litulie.

Lubumbashi, ambako joto la mchana la mwezi wa Oktoba hupita nyuzi 30, fanya hatua hii asubuhi au katika chumba chenye kiyoyozi. Dakika 15 za joto hazitaiua IL-2, lakini mtu aliyeondoka kwenda kula akaacha kichupa dirishani hana haki ya kumlaumu muuzaji.

Mwishoni, zungusha kwenye sentrifuji kwa sekunde 10 ili matone ya kifuniko yashuke. Mafanikio yanaonekana hivi: kimiminika ni angavu kama maji unapokishika mbele ya karatasi nyeusi, hakina nyuzi, hakina chembe zinazoelea, na hakuna kilichobaki kimeng'ang'ania kitako. Kikiwa na ukungu, kiache kwenye friji usiku mzima, ukihakiki asubuhi kabla ya kuamua lolote.

Hatua ya 6: Gawa mara moja

Panga mirija 24 kwenye barafu, tayari ina lebo. Hesabu inasema 25, lakini daima kitabaki kidogo kwenye ncha na kitakoni.

Tumia ncha moja kwa mirija yote, kwa sababu ncha mpya kila mara ina maana ya ukuta mpya wa kunasa protini kila mara. Isiguse kitu kingine chochote. Mikrolita 20 ziende kwenye kitako cha mrija, si ubavuni, maana tone dogo lililobaki ubavuni hukauka ndani ya friza.

Lebo iwe na jina, namba ya toleo, IU kwa mililita, mikrogramu kwa mililita, neno «asidi na albumini», tarehe, na herufi za jina lako. Mirija iliyoandikwa «IL-2» peke yake hubaki kwenye friza miaka mitatu bila mtu wa kuitumia wala wa kuthubutu kuitupa.

Hatua ya 7: Hifadhi kwa namna inayokubali kukatika kwa umeme

Kanuni inayosaidia kuliko zote katika miji yetu ni hii: usiyeyushe kabla seli hazijawa tayari. Unga mkavu huvumilia joto la siku kadhaa. Ndiyo maana watengenezaji wengi huusafirisha bila barafu. Uliokwisha kuyeyushwa hauna uvumilivu huo. Nikichagua kati ya kichupa kimoja cha mikrogramu 50 na vitano vya mikrogramu 10, kwa mtu wa Bukavu nachagua vitano, hata kama bei inapanda kidogo.

Akiba iliyogawanywa hukaa nyuzi 20 au 80 chini ya sifuri kwa miezi mitatu hadi sita, kulingana na karatasi. Friza inayoyeyusha barafu yake yenyewe haifai, kwa sababu hupandisha joto kidogo kila siku ili kuondoa barafu ya ukutani, na mirija midogo hupata mzunguko wa kuyeyuka na kuganda bila wewe kujua. Afadhali ile ya zamani unayoikwangua kwa mkono.

Jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji yaliyoganda. Friza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, hushika baridi kwa takriban siku mbili. Iliyo nusu hushika karibu siku moja. Umeme ukikatika, gundi karatasi mlangoni inayokataza kufungua, kwa kuwa kila anayefungua «kuona hali» anaifupisha hiyo saa.

Weka pia shahidi. Tia mililita moja ya maji yenye rangi kwenye mrija, ugandishe ukiwa wima, kisha upange kichwa chini kwenye sanduku lile lile la IL-2. Siku unayohitaji akiba, utazame kwanza. Barafu ya rangi ikiwa bado iko kitakoni, juu, akiba haijayeyuka. Ikiwa imehamia kwenye kifuniko, umeme uliondoka kwa muda mrefu kuliko ulivyoambiwa na mlinzi, na mirija yote imeyeyuka na kuganda upya.

Hatua ya 8: Siku ya matumizi

Toa mrija mmoja, uyeyushe juu ya barafu, uzungushe sekunde 5. Ongeza mikrolita 180 za PBS yenye albumini ya asilimia 0.1, au za chakula cha seli chenye seramu ya asilimia 10, na uchanganye kwa kugeuza mrija taratibu. Sasa una IU 100,000 kwa mililita. Mikrolita 10 za mchanganyiko huu katika mililita 10 za seli hukupa IU 100 kwa mililita.

Hatua hii ya kati ina sababu. Bila hiyo ungelazimika kupima mikrolita 1 ya akiba, na pipeti chache sana hupima mikrolita 1 kwa uaminifu. Ukitumia chakula chenye rangi ya fenoli, kinaweza kuelekea njano kidogo kwa sababu ya asidi. Usishtuke, kwani kiasi kinachofika kwenye seli kimepunguzwa mara elfu nyingine.

Kinachobaki kiweke kwenye friji, si kwenye friza, na ukitumie ndani ya wiki moja. Usikigandishe tena.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kuiamini

Maabara iliyo na seli za panya za CTLL-2, ambazo haziishi bila IL-2 na huitikia ile ya binadamu, itafanya jaribio hilo. Wengi wetu hatuna. Tumia basi limfositi za damu ya mtu aliyetoa idhini, kwa kibali cha kamati ya maadili, na uishike damu hiyo kana kwamba ina virusi vya UKIMWI na homa ya ini, maana huwezi kujua.

Hapa kuna sababu nyingine kubwa ya kushindwa, na haihusiani na kichupa. Limfositi T iliyolala ina vipokezi vichache sana vya kuishika IL-2 kwa nguvu. Ukiitilia IL-2 ya kipimo kidogo bila kuiamsha, haitafanya lolote. Ziamshe kwanza kwa fitohemaglutinini, protini ya maharage inayoziamsha limfositi, kwa siku tatu, zioshe, kisha zigawe kwenye visima vya sahani ya seli vyenye IL-2 ya IU 0, 1, 10, 100 na 500 kwa mililita, kila kipimo katika visima vitatu. Ongeza visima vya kimiminika peke yake, yaani asidi na albumini zilizopunguzwa kwa kiwango kile kile bila IL-2.

Baada ya siku tatu kwenye inkubeta, tazama kwa hadubini kabla ya kuhesabu. Visima vya IU 100 viwe na mashada ya seli kubwa zenye umbo lisilo la duara kamili, nyingine zikivuta mkia. Visima vya sifuri viwe na seli ndogo, duara, zenye vumbi la zilizokufa. Hesabu zilizo hai kwa rangi ya tripani buluu, inayopaka zilizokufa tu. Namba zipande kutoka sifuri kwenda juu kisha zisawazike. Visima vya kimiminika vilingane na vya sifuri. Vikizidi, kuna endotoksini mahali fulani, na wa kwanza kuchunguzwa awe maji, wa pili albumini.

Mambo yakienda kombo

Hakuna kipimo kilichoitikia. Chunguza kuamshwa kwa seli kwanza. Zikikataa hata IU 500 ilhali fitohemaglutinini ilizivimbisha vizuri, rudi kwenye Hatua ya 4 na 5 na uulize aliyefungua kichupa alifanya nini, kwa utaratibu, bila kumfokea.

Mwitikio upo, ila unahitaji kipimo mara kumi ya kilichotarajiwa. Hii ndiyo sura ya kawaida ya protini iliyonata. Tafuta mrija wa kioo au polistirini, albumini iliyosahaulika, au hatua ya kati iliyofanywa kwa PBS tupu. Mara nyingine ni kosa la hesabu tu: mikrogramu zimechukuliwa kuwa vizio.

Mrija wa kwanza ulifanya kazi, wa mwezi wa tatu haufanyi. Tazama shahidi.

Mrija mmoja mzuri, mwingine mbaya, tarehe moja. Kichupa hakikuchanganywa sawasawa kabla ya kugawa, au matone yalikaukia ubavuni. Geuza na zungusha kila mrija baada ya kuyeyuka, kisha linganisha miwili upya kwenye sahani moja.

Toleo jipya ni dhaifu tangu siku ya kwanza, na kila hatua ilifuatwa. Hapo ndipo umwandikie muuzaji, ukiambatisha namba ya toleo, picha ya lebo, na mchoro wa matokeo ya toleo la zamani na jipya yaliyopimwa siku moja kwenye seli za mtu mmoja. Ndiyo maana mirija miwili ya kila toleo huwekwa kando bila kuguswa hadi toleo linalofuata lifike.